Mama Aliyekuwa Akichungulia Mlango wa Daktari

Nakisimulia mwenyewe kisa hiki kabla watu wa Kaloleni hawajakitia chumvi. Miaka ya tisini nilikuwa karani mpya wa zahanati, na mkubwa wangu alitaka tuwasaidie wagonjwa wanaokuja kila mara. Mama mmoja mwenye maumivu ya mgongo alikuja kila wiki, akachungulia mlango wa daktari, akaniuliza daktari yule mwingine wa zamu atakuja lini, kisha akaenda zake bila kutibiwa. Nikajua anaonewa! Nikamshika mkono, huku akikataa kabisa, nikamwingiza ndani.

"Daktari, mama huyu avue blauzi umpime mgongo leo leo!"

Daktari akarukia nyuma ya pazia. "Bwana karani, huyo ni mama mkwe wangu!"

Kwetu mtu hamkaribii mama mkwe, seuze kumwona mgongo; hata mimi nikimwona wangu sokoni Otonglo, huvuka barabara mbio.

Mama alikuwa amejifunika leso usoni. "Kila wiki nakuuliza daktari yule mwingine atakuja lini. Ulidhani nauliza kwa nini?"