Mpira wa Tyubu Mlangoni

Msinicheke. Haya sikuhadithiwa na mtu, yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu. Asiyeamini aje kwangu Ujiji aone.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kutoka Zaire na Burundi, mji umejaa. Mume wangu ni fundi seremala. Mvua ya huku si mnaijua? Inakuja na upepo wa ziwani, inapitia chini ya mlango, inaingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Nikimlalamikia, ananijibu, "Kesho, mama watoto." Huku nyumba moja ya mtaa wa Rusimbi ameirudia siku tatu mfululizo! Kapaka mbao oili chafu, kainua kizingiti kwa saruji, kapigilia vipande vya tyubu ya baiskeli kuzunguka mlango wote. Namuuliza anaishi nani humo.

"Hakuna mtu. Mwenye nyumba kaniagiza tu."

Hakuna mtu! Nani anazibiwa mlango hivyo kama si kipenzi? Wivu ulinikaba jamani. Nilijua kuna mkimbizi humo, tena mzuri, amekaa pakavu wakati mimi nakausha sakafu kwa matambara.

Siku ya nne mvua ikashuka baada ya adhuhuri. Mume wangu yuko kazini Mwandiga. Nikajifunika kanga, nikaenda, nikapiga hodi.

"Karibu, mama. Amahoro?" Sauti ya kike, laini, kutoka ndani, tena kwa salamu ya Kirundi.

Ahaa! Si nilisema? Nikamporomoshea matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikamwambia atoke tuonane.

"Siwezi, mama," akajibu kwa upole. "Mmetuzibia."

Nikaona ananidhihaki. Nikaushika ule mpira wa chini, nikaung'oa, misumari ikanichana vidole. Maji yakatoka. Niaminini, yalitoka ndani kuja nje, baridi, yananuka ziwa, na dagaa wawili wakirukaruka miguuni pangu. Vicheko vya watoto vikanipita mapajani. Hapo ndipo nilipoliona kufuli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje muda wote.

Jioni nilimwambia mume wangu kila kitu. Hakufoka. Akakaa chini, akanieleza. Mama mmoja mkimbizi alipanga humo na wanawe wawili. Walirudi ng'ambo kumtafuta baba yao, mtumbwi ukazama nao. Tangu hapo nyumba ikawa inatoa maji hata jua likiwaka, na mwenye nyumba akamwomba azibe, asimwambie mtu.

"Kule nilikuwa nazuia yasitoke," akasema. "Ya kwako ni mvua tu."

Kesho yake aliuziba mlango wangu. Hauingizi tone. Lakini sakafu yangu haikauki mpaka leo, iwe Julai, iwe Agosti. Na nikiwa natoka sokoni majirani hunisimamisha: "Tulipita kwako hukuwepo. Mwenzio katukaribisha vizuri, mpole kweli yule!" Mume wangu naye siku hizi anawahi sana kurudi nyumbani, na roho inaniuma kwa sababu sijui anamuwahi nani.

Dada unayenisikiliza, ukimshuku mumeo, gombana naye hukohuko kwenu. Usiende kutukana kwenye mlango usioujua. Mimi nilimfuata mke mwenza ambaye hakuwepo, nikarudi naye.