Mimi na Akoth Chini ya Bahari ya Diani

Safari hii ilianzia ndani ya mtumba wa nguo za michezo. Asubuhi hiyo, kibandani kwangu Gikomba, nilikata kamba na wateja wakanivamia kama kawaida wakitafuta kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kabla ya nyingine. Katikati ya kaptura na jezi nikavuta vazi zito jeusi la mpira, lenye zipu ndefu mgongoni. Mteja mmoja alidhani ni la kuendeshea bodaboda wakati wa mvua. Mwingine, mwalimu wa michezo kutoka Buruburu, akacheka.

"Mama Ciku, hiyo ni ya kuzamia baharini," akasema. "Watu huivaa wakashuka chini kutazama samaki."

Ng'ambo ya njia, Akoth aliinua kichwa. Akoth ameuza samaki hapo mkabala nami tangu watoto wetu wakiwa wananyonya: ngege na mbuta kutoka ziwani, na changu na tewa wanaoletwa kutoka pwani ndani ya barafu.

"Samaki gani wa kutazamwa?" akauliza. "Hao nawajua mpaka mifupa."

Akaendelea kupara magamba. Kisha kisu kikasimama. "Lakini kweli, sijawahi kuwakuta nyumbani kwao, wakiwa hai."

Nililikunja lile vazi nikaliweka chini ya meza, sikuliuza. Mume wa Akoth alikuwa amestaafu kazi ya reli, nao walikuwa wameamua kurudi Homa Bay moja kwa moja baada ya Pasaka. Kila nilipofikiria kibanda chake kikiwa na mtu mwingine, moyo ulinishuka. Jioni hiyo, tukifunga biashara, nikamwambia, "Kabla hujaenda kwenu, twende tukawaone hao samaki." Alinitazama kama niliyepandwa na homa. Halafu akasema, "Kwanza ujifunze kuogelea."

Basi kila Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kwenye bwawa la kuogelea la umma. Akoth alikulia ufuoni mwa ziwa na huogelea kama fisi maji. Mimi ni mtu wa Murang'a, maji niliyoyajua ni ya mtungi. Alinishika tumboni, akaniambia nipige miguu, na watoto wa bwawani walicheka mpaka wakachoka. Ilifika siku wakaacha kucheka, nami nikajua ninaogelea. Daktari akatupima masikio na kifua, akasema tuko salama. Baba Ciku, mume wangu, alikuwa na swali moja tu: "Hapa Huruma tunapandisha maji kwa ndoo mpaka ghorofa ya sita, na wewe unakwenda kuyatafuta Diani?" Lakini asubuhi ya safari ndiye aliyenibebea mzigo.

Kituoni Nairobi tulipanda treni ya kwanza. Akoth alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi, nami nilipakata mfuko wenye lile vazi la mpira kana kwamba lingetoroka. Mji ulipoisha tulianza kuzungumza, na hatukunyamaza. Tulizungumza juu ya wateja wanaolipa madeni kwa maneno, juu ya binti yake anayesomea uuguzi, juu ya mchungaji wetu mpya na mahubiri yake marefu. Tsavo tuliwaona ndovu wekundu kwa vumbi wakitembea kwa mstari, na hata hao tuliwasengenya. Mwanamume aliyeketi mbele yetu alivaa visikizi vya masikioni akafumba macho.

Mombasa tulipokewa na joto lililonatisha nguo mwilini. Tukavuka Likoni kwa feri, tukafika Diani jua likiwa limeanza kulegea, na Akoth hakukubali kuingia chumbani kabla hajakanyaga maji. Alichota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Ya chumvi kweli," akasema, kama mtu aliyekuwa akidanganywa maisha yake yote.

Siku iliyofuata ilikuwa ya masomo. Mwalimu wetu aliitwa Mwanaidi, mwanamke mrefu wa hapo hapo Kusini mwa Pwani, mwenye sauti ya upole isiyopokea ubishi. Alipoliona vazi langu alilipapasa, akakagua mishono. "Hili zima, mamangu. Limetoka wapi?"

"Gikomba," nikasema.

"Huko mwauza mpaka bahari," akasema, na tangu hapo tukapendana.

Katika kidimbwi cha kufundishia alitufunga mitungi ya hewa mgongoni na mikanda yenye vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni ili miili isielee. Alitufundisha kupumua kwa mdomo kupitia kidude cha mpira, kutoa maji yakiingia kwenye miwani, na kubana pua na kupuliza taratibu kila masikio yanapouma. "La kwanza na la mwisho, msizuie pumzi. Pumueni tu, polepole." Kisha akatufundisha lugha ya mikono, maana chini hakuna maneno. Kidole gumba na cha shahada vikiunda duara, maana yake niko sawa. Kidole gumba kikielekea juu, maana yake nataka kupanda juu.

"Kwetu hicho cha juu maana yake ni fiti," nikamwambia.

"Kwenu ni nchi kavu, mamangu. Mmoja wetu akikionyesha, sote twapanda. Huko chini hatujadiliani."

Nikarudia mara nyingi, duara, duara, mpaka Akoth akaniambia nimwache alale.

Asubuhi ya kuzama, bahari ilikuwa imetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Boti yetu ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye injini mbili nyuma na turubai la kivuli. Nahodha Salim, mzee mchangamfu mwenye kofia ya kufumwa, alitusaidia kupanda. "Mama zangu, shikeni chuma hicho. Nikifungua moto, hii haiulizi mtu." Alipofungua, pua ya boti iliinuka na tumbo langu likabaki ufuoni. Tulipita mwanya wa miamba, povu likiruka pande zote mbili, na nikajikuta nacheka peke yangu kwa sauti. Akoth alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea. Alikuwa akisali, lakini akitabasamu.

Salim alizima injini, akafunga boti kwenye boya. Tuliketi ukingoni, migongo kwa bahari. Mwanaidi akahesabu, nasi tukajiangusha kinyumenyume.

Kwanza niliona mapovu tu. Halafu mapovu yakatawanyika, na chini yangu kukawa na mji. Sijui neno jingine. Matumbawe yalisimama kama majumba, yenye madirisha na vichochoro, na kila kichochoro kilikuwa na wakazi wanaokwenda na kurudi: wa manjano, wa buluu, wenye milia, kila mmoja na shughuli yake. Tulishuka tukifuata kamba, nikibana pua na kupuliza, Mwanaidi akitushika mimi mkono huu na Akoth mkono ule. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, ikiingia na kutoka, na juu ya hapo tiktik ndogo ndogo za viumbe wakila mwamba.

Ndipo akaja kasa. Alitokea nyuma ya jiwe, mkubwa kama meza yangu ya biashara, akapiga makasia yake mara mbili na kupita karibu nasi hata nikaona mikunjo ya shingo yake. Mwanaidi alinigeukia akauliza kwa duara: uko sawa? Nami, kwa furaha iliyonijaa mpaka kwenye vidole, nikamwonyesha kidole gumba juu. Akauliza tena. Nikainua vyote viwili.

Tukapanda. Akoth alikuwa amejinyoosha kumfuata yule kasa, na Mwanaidi akamvuta kwa upole huku akimwonyesha ishara ya juu. Tulipotoka majini, Mwanaidi aliutoa mpira mdomoni. "Kuna nini, mamangu? Sikio? Kifua?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Umemwona yule kasa?"

Akaniinulia kidole gumba chake. Nikatazama vidole vyangu, na hapo nikaelewa nilichofanya.

Kurudi chini mara moja haikuwezekana. Mwanaidi alisema ni lazima tupumzike kwanza. Tukaketi botini tukila nanasi. Salim alitazama mawingu upande wa mbali akasema upepo unaamka, na ukizidi atatia nanga nyumbani. Akoth hakuwa amesema neno. Kwa mwanamke anayeweza kugombana na mteja, na kanjo, yaani askari wa jiji, na redio kwa wakati mmoja, kimya hicho kilinitisha kuliko upepo.

"Mama Otieno, nisamehe," nikamwambia Akoth.

"Miaka yote hiyo samaki nimewaona wakiwa na macho meupe," akasema, akiitazama bahari. "Leo huyo kasa ameniangalia. Ameniangalia, Mama Ciku. Na wewe ukaninyanyua."

Boti ilianza kuyumba. Nilimwona Salim akitazama mawingu tena, kisha akimtazama Akoth. "Mwanaidi," akasema, "bado nafasi ipo. Lakini ni sasa."

Safari ya pili nilishuka nikiwa nimekunja vidole gumba ndani ya ngumi. Hatukuwa tumefika mbali sikio la kushoto likaanza kuuma, kama sindano inayosukumwa. Nikapuliza, wapi. Nikamwonyesha Mwanaidi sikio langu, naye akanipandisha kidogo tusubiri. Moyo ulikuwa ukinipiga. Nilijua neno la mwalimu, kwamba mmoja akipanda wote hupanda, na nikamwona Akoth akiwa ameelea hapo chini kidogo, mji wote ukimsubiri. Akageuka. Akapanda mpaka usawa wangu, akaushika mkono wangu, akanitazama kwenye miwani. Kisha akapumua polepole, ili nione mapovu yake. Nikapumua naye. Mapovu yake, mapovu yangu. Nikabana pua, nikapuliza taratibu, na sikio likafunguka kwa mlio mdogo kama wa mlango.

Tukashuka, mikono haikuachana. Kasa hakurudi. Lakini kundi la changu lilitupitia, wengi mno, wakagawanyika mbele yetu na kuungana nyuma yetu kama watu wanaopita nguzo sokoni. Tulimkuta tewa mkubwa ametulia kinywa wazi, na samaki wadogo wakiingia na kutoka kumsafisha meno. Akoth alisimama mbele yake muda mrefu. Hakunyoosha mkono kumgusa. Tewa akazungusha jicho lake, akamtazama juu mpaka chini, akaendelea na mambo yake. Mwanaidi alipouliza kama tuko sawa, niliunda duara kwa mkono uliokuwa huru, nikakibana kidole gumba kweli kweli.

Tuliporudi ufuoni upepo ulikuwa umeshapanda na mawimbi yakitupiga. Salim aliendesha akiimba. Mimi na Akoth tulilowa tepetepe, tukatetemeka chini ya taulo moja, na hakuna aliyetaka kuanza kusema.

Siku ya kurudi, treni iliondoka Mombasa ikiwa imejaa. Nilipata dirisha. Nyasi zilipita, kisha Voi, kisha Mtito Andei, na hatukuwa tumezungumza. Mama mmoja aliyeketi nasi alituangalia mara kadhaa, akamwinamia Akoth. "Samahani, dada. Nyinyi mmekosana?"

"Hapana," Akoth akasema. "Tumetoka kutembea."

Nimejifunza kuogelea, na nimejifunza kwamba hofu hupungua mtu akipumua polepole. Lakini kubwa nililojifunza ni kuhusu rafiki yangu. Kwa miaka yote ya sokoni tulirushiana maneno ng'ambo ya njia tangu asubuhi mpaka jioni, nami nikadhani maneno hayo ndiyo urafiki wenyewe, kwamba yakikatika nao umekatika. Chini ya bahari hatukuwa na neno hata moja, na hatujawahi kuwa karibu vile.

Baada ya Pasaka lori la Homa Bay lilikuja kuchukua vitu vyake. Wanawake wa sokoni walilia, wakaimba, wakampa leso na sufuria na ushauri. Mimi nilivuka njia nikaketi kando yake juu ya kreti tupu, tukakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka dereva alipopiga honi.