Macho ya Fuvu

Eufrosina Tecuapetla alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu. Mkono wake wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Mkono huo ndio ulioshika patasi tangu utotoni kwao Puebla, Meksiko, na kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kilicho chini ya kanisa letu hapa Fresno, California, ulitufundisha sisi wanawake wa kiwanda cha kuku kutoboa rundo la karatasi laini kwa patasi na nyundo mpaka zitoke bendera za Siku ya Wafu, sikukuu yetu ya kuwakumbuka marehemu: njiwa, maua, mafuvu yanayocheka.

Fuvu ndilo lililotushinda. Macho yake ni wavu mwembamba. Ukikosea pigo moja, rundo zima limeharibika. Aliyeyaweza ni mwenzetu Maricruz tu, nasi tulimwonea kijicho, sitaficha.

Mwezi wa tisa maofisa wa uhamiaji wakamkamata Maricruz akienda kazini. Darasa likavunjika kwa hofu. Eufrosina akawafuata wanafunzi majumbani, akibisha kwa mkono wa kushoto. Mmoja alimjibu kutoka nyuma ya pazia, "Mwalimu, hatupo."

Mimi nina kibali cha kuishi nchini, naye Eufrosina anacho. Akaniomba nimpeleke kizuizini kumwona Maricruz.

Maricruz alikaa nyuma ya kioo, amekonda. Eufrosina hakumpa hata pole. Alininyooshea kidole, akasema kwa shida, "Mfundishe huyu macho."

"Mimi niko humu, Mwalimu, na wewe unaniuliza macho ya fuvu?"

"Nikuulize nini, mwanangu? Kukutoa siwezi."

Maricruz alilia. Kisha akafuta kioo kwa mkono wa sweta, akaanza kunichorea kwa kidole: anzia katikati, patasi nyembamba kuliko zote, usirudie pigo. Nilinakili kiganjani kwa kalamu. Alipomaliza jicho la kwanza, askari akasema muda umekwisha. La pili hufuata njia nyingine, na hilo hakuwahi kulieleza. Wiki iliyofuata wakamrudisha Meksiko, na simu yake haikupatikana tena.

Niliharibu marundo kumi na moja. La kumi na mbili likatoka na wavu upande mmoja, upande wa pili tundu tupu. Nikataka kulitupa. Eufrosina akalikumbatia kwa mkono wake mzima, akakataa kuliachia.

Siku ya Wafu ilipofika, tukazitundika bendera za rundo hilo hivyo hivyo kanisani. Watu walikuja wachache. Eufrosina alikaa chini ya bendera zile na koti lake mwilini, akiziangalia.