Swali Ambalo Abdihafid Hakuuliza

Kitabu cha Abdihafid kilipotoka, mtaa mzima wa Iftin, mjini Garissa, ulijua, maana mwenyewe alikinadi kama ngamia sokoni. Miaka mingi ya ualimu wake alikuwa akiandikiana barua na mtu aliyefungwa Nairobi kwa kuwaua vijana watatu, madalali wa soko la mifugo la Garissa. Sasa, alisema, siri za moyo wa muuaji ziko hadharani.

Siri gani? Maharage ya gerezani, maumivu ya mgongo, maombi ya sabuni. Kurasa zilizobaki Abdihafid alijieleza mwenyewe: alivyotetemeka akifungua bahasha, alivyokosa usingizi, maskini. Debe tupu haliachi kuvuma. Watu walikisifu kitabu mbele yake, wakakicheka dukani.

Hilo angelivumilia. Lakini Ijumaa moja baada ya swala alikuja Kaaha, mama wa Yarow. Kati ya wale vijana watatu, ni mwili wa Yarow tu ambao haukupatikana. Abdihafid alimkaribisha kwa chai ya maziwa, akidhani amekuja kulalamika.

"Mimi hakuja kugombana, Maalim," alisema Kaaha. "Binti yangu alinisomea kitabu yako yote. Hiyo mtu alikuwa anakujibu. Alikuambia wapi aliweka mtoto yangu? Kwa kitabu hakuna. Nikafikiri labda unajua, uliogopa kuandika."

Abdihafid alitazama mkeka. Uongo ulimjia haraka, akaona haya kuutumia mbele ya mama huyu.

"Sikumuuliza, Eedo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima.

"Kwa nini?"

"Niliogopa ataacha kunijibu."

Na sasa muda wa kuuliza ulikuwa umepita. Yule muuaji alikwisha kufa gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Sura ya mwisho ya kitabu ilieleza jinsi Abdihafid alivyosafiri hadi kwenye maziko yake, akamwagia kaburi mchanga kwa mkono wake, akalia. Alipoiandika aliiona sura hiyo nzuri kuliko zote. Sasa aliomba kimya kimya kwamba binti wa Kaaha awe ameiruka.

Kaaha alimaliza chai yake bila haraka, akajifunga shungi vizuri, akainuka.

"Mama ya hiyo mtu yuko na bahati," alisema. "Akitaka kaburi ya mtoto yake, wewe utamwonyesha."