Blauzi za Korali

Kaka yangu mkubwa, fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alirudi kutoka hospitali ya Lilongwe akiwa mchangamfu. Hilo lilitutisha. Zamani alikuwa mzee wa kanisa aliyegawa maneno kwa kijiko, kama dawa.

Ini lake lilikuwa bovu kwa miaka. Siku alipoanguka, kifafa kilimshika kisimwachie hadi tukafika hospitalini. Daktari alisema ubongo umeumia, na huenda tabia ikabadilika. Mimi, msomi wa familia, nilimfafanulia shemeji, mke wa kaka, kwa Kifaransa, nikichora ini na ubongo nyuma ya bahasha. Aliningoja nimalize.

"Shemeji, asante kwa mchoro. Mi nauliza kitu kimoja tu: bwana yangu ananijua?"

Niligeuza bahasha, nikatafuta pa kuchora hilo.

Maana kaka sasa alimwita "mama", kama alivyomwita kila mteja. Akila nsima, ugali wa huku, alimshukuru kwa adabu: "Zikomo, mama." Kanisani alimkatiza mchungaji: "Pasta, fupisha, bantu iko na njaa!" Watu walicheka, shemeji aliinama.

Kabla ya Pasaka, akina mama wa korali walimletea kitambaa cha blauzi. Kaka hakuwahi kutumia futi ya kupimia. Alimtazama mtu mara moja, akakata. Nilishauri ajaribiwe kwanza kwa matambara. Hakuna aliyesikia, nikarudi kwangu Lilongwe, mtaa wa Area 49, nimenuna kisomi.

Nilipokuja tena nilikuta kelele. Blauzi zote zilikuwa za kipimo kimoja. Kiongozi wa korali, mama mpana, alikuwa amekwama mikono juu.

"We fundi, unataka nifie humu ndani?"

"Blauzi iko muzuri, mama. Mwili njo iko mingi."

Shemeji alichukua moja aone kasoro, akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Bega lake la kushoto limeshuka tangu alipovunjika akiwa msichana, shambani kwao Fizi. Na katika kila blauzi bega la kushoto lilikuwa limeshushwa.

Alilishika bega lile. Kisha akacheka hadi akakaa chini.

"Bamama, mutanisamehe. Zote njo zangu."

"Imekukaa, mama," kaka akamwambia.

"Najua, bwana yangu."

Nikaanza kueleza jinsi mikono inavyokumbuka. Shemeji akanipa wembe. "Shemeji, fumua."

Nilifumua hadi jioni, kaka akinitukana kwa furaha. Ubavuni tuliongeza vipande, mabega yalitushinda. Pasaka korali nzima iliimba imeinamia kushoto.