Udhu Kabla ya Picha

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilipogundua kuwa mama yangu anavuja damu na anafua kanga zake alfajiri ili tusijue, sikumwuliza anajisikiaje. Nilimwambia avae baibui twende hospitali. Hedhi yake ilikatika mimi ningali msichana wa skuli, na damu inayorudi uzeeni si ya kunyamaziwa. Mama mkubwa, dada yake, ilimrudia vivyo hivyo, akaona haya kusema. Tulikuja kujua wakati hawezi tena kunyanyuka kitandani, na tukamzika Gando.

Daktari akamwandikia mama ultrasaundi ya tumbo la chini. Mpigaji picha alikuwa akija siku moja tu kwa wiki, na mchana anaondoka. Tuliambiwa mama aje amekunywa maji mengi na asiende haja ndogo. Akayanywa njia nzima kutoka Mtambile bila ya ugomvi, nami nikaona mambo yamenyooka.

Kumbe nilisahau kitu kimoja. Mama haingii pahala panapomtia hofu bila ya udhu. Hapandi boti wala haendi kuangalia mgonjwa mahututi mpaka atawadhe. Tulipokaribia kuitwa akaninong'oneza kuwa anakwenda kutia udhu, nikaitikia, maana ni jambo la kheri. Sikufikiri kuwa mtu aliyebanwa hatawadhi hivi hivi, kwanza anapita chooni.

Akarudi uso umelowa, ametulia kabisa. Mpigaji picha, binti mwenye ushungi wa kijani, akampaka jeli tumboni, akapitisha kifaa chake, akakunja uso.

"Bibi, umekwenda haja ndogo?"

"Nimetia udhu, mwanangu," mama akajibu kwa furaha.

"Basi sioni kitu. Kibofu kikijaa ndipo utumbo unasogea na kizazi kinaonekana. Njooni wiki ijayo."

Hapo ndipo nilipopandisha hasira. Nikamwambia haondoki mtu, kwa sababu wiki ijayo mama atakuwa keshapata udhuru, mara ana arusi, mara mguu unamuuma. Atakunywa tena na tutakaa pale pale mlangoni. Yule binti akaniangalia, akacheka kidogo, akasema atatuweka wa mwisho.

Mama akanywa. Kila chupa iliyokwisha nilimpa nyingine, mpaka akawa anakaa upande upande kwenye benchi. Mara ikaadhiniwa adhuhuri.

"Niachie nikasali," akasema.

"Utasali nawe umebanwa? Wewe ndiye uliyenifunza kuwa haipendezi."

"Basi nikaitoe kwanza."

"Na picha? Adhuhuri ina wasaa mpaka alasiri, Mama. Yule binti hana wasaa huo."

Akaninunia. "Una roho ngumu wewe."

"Nimeirithi kwako."

Nilikuwa naogopa, na hofu yangu mimi hutoka kwa ukali. Kila alipokunja uso nilimwona mama mkubwa.

Tulipoitwa tena, kifaa kilisimama pahala pamoja. Binti akapima, akarudia kupima. Akasema picha imetoka vizuri na kwamba daktari ndiye atakayetwambia maana yake.

Tangu siku ile, jirani akiniambia kaandikiwa picha ya aina yoyote, simwachi apite. Namuuliza kama ameambiwa ale au asile, anywe au asinywe. Namuuliza kama ana chuma mwilini, kama ana mimba, dawa gani anatumia. Tena namwambia ataje na ada zake, hirizi ya kiunoni, funga ya sunna, udhu, kwa sababu wa hospitali hawawezi kuuliza wasichokijua. Wengine hunicheka, nami nawaacha wacheke.

Siku ile, picha ilipokwisha, mama alikwenda chooni, akatawadha upya, akasali. Kisha tukaingia kwa daktari. Akasema ukuta wa kizazi umenenepa, huenda ikawa ni kitu na huenda isiwe, na lazima wachukue kinyama cha kizazi wakakipime. Nilimtazama mama nikingoja udhuru wake. Yeye akajisogeza mbele ya kiti.

"Siku hiyo nile au nisile?" akamuuliza. "Ninywe au nisinywe? Na udhu wangu, niutie wakati gani?"

Daktari akamjibu moja moja, naye akawa anayarudia kwa sauti asiyasahau. Tulipotoka nje nikamwambia amenishangaza leo.

"Dada yangu kafa na udhu wake," akasema. "Hakuna daktari aliyemuangalia."