Vipimo Vilivyopita Chini ya Mlango

Chumba cha fundi cherehani kinatazamana na changu. Uwanja wetu mmoja, bomba letu moja. Ni mwanamke wa makamo, hakujaaliwa mtoto, na mume alishaenda zake zamani. Cherehani ndiyo iliyomletea watu. Wanawake walijaa kwake kupimwa, naye huku anawazungushia futi kiunoni anawatania, "Nyonya tumbo utakavyo, shoga, gauni halidanganyiki."

Mwaka jana alikohoa wiki nyingi mpaka akatoa damu. Kumbe kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Makohozi yakapimwa tena, yakakutwa safi. Akafagia chumba, akafungua mlango wazi, akaweka kiti cha wateja.

Hakuna aliyekikalia. Baada ya wiki mbili akaurudishia mlango.

Kazi waliendelea kumpa, maana kwa kushona hana mfano. Ila vitambaa waliviacha kizingitini, na vipimo vikapita chini ya mlango kwenye karatasi. Walijipima wenyewe nyumbani kwa kamba. Sasa nani ataandika kiuno chake cha kweli? Jirani yetu Mama Pacha alipunguza inchi nne, gauni likagoma kupita makalioni.

"Ugonjwa umemla mpaka akili!" akapiga kelele uwanjani.

"Njoo nikupime upya," fundi akajibu kutoka ndani.

"Unipime mimi? Pima kivuli changu!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nafua nepi. Sikucheka, lakini sikusema neno pia. Nina mtoto wa miezi minane, na hofu ya mama haina duka la kuiuza.

Siku ya chanjo nikamuuliza nesi. Akasema bakteria wa kifua kikuu hurushwa hewani mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa, mwenzake akaivuta hewa ile. Hawakai kwenye uzi wakamngoja mtu, na aliyemaliza dawa akapona haambukizi. "Mafua ndiyo mnayogawiana kila wiki," akaongeza. "Virusi vyake mnavyo mikononi, na bado mnafutana kwa leso moja." Jana yake tu Mama Pacha, huku anapiga chafya, alimfuta mwanangu kamasi kwa upindo wa gauni lake, nami nikamshukuru.

Niliporudi nikachukua kitambaa changu, mtoto mgongoni, nikausukuma mlango wa fundi. Nikakaa kwenye kile kiti.

"Karatasi iko wapi?" akauliza.

"Sina karatasi, dada. Nipime."

Aliitafuta futi mezani, akaitafuta kwenye droo, na ilikuwa shingoni mwake. Nikasimama. Alinipima mabega huku kageuzia uso ukutani, mdomo kaubana. Alikuwa karibu kabisa na sikio langu lakini sikusikia kitu. Hakuwa anapumua.

"Pumua, dada."

"Mtu akinikaribia pumzi inajificha yenyewe, mdogo wangu. Nimezoea."

Akapumua kidogo, kama anayeomba ruhusa. Mwanangu akanyoosha kidole, akamgusa shavu. Hakusogea mpaka mtoto alipokitoa mwenyewe.

Kisha akanipima mkono, toka begani mpaka kiganjani, akaandika. Akaupima tena. Akaupima mara ya tatu, mkono ule ule, na namba ilikuwa ile ile. Niliendelea kuunyoosha.